Chini ya J3: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ligi za Kanda za Soka Japani

Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki walianza kuliangalia soka la Japani kwa sababu ya Michael Olunga. Novemba 24, 2019 alifunga mabao manane peke yake Kashiwa Reysol walipoichapa Kyoto 13–1 katika J2, ligi ya daraja la pili, na mwaka uliofuata akamaliza na mabao 28 ya J1, ligi ya juu kabisa, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Hapo juu taarifa hazikosekani. Ugumu unaanza ukitaka kushuka chini ya J3, daraja la tatu, kwenye ligi za kanda, ambako ratiba imebandikwa kama faili la PDF, uwanja unabadilika kila wiki, na klabu inayoongoza ligi kwa pointi kumi inaweza kubaki palepale msimu ujao.

Mwongozo huu ni kwa anayesoma au kufanya kazi Japani na anataka kwenda uwanjani Jumapili, na pia kwa anayefuatilia akiwa Nairobi, Dar es Salaam au Muscat. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba katika ngazi hii jedwali la ligi ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili inachezwa Oktoba na Novemba, kwa siku chache mno, na huko ndiko klabu zinapopanda au kukwama.

Ngazi zilivyopangwa

Juu kabisa zipo ligi tatu za kulipwa: J1, J2 na J3. Tangu 2024 kila moja ina klabu 20. J1 ilianza 1993 na klabu 10, J2 ikaja 1999, J3 ikaja 2014.

Chini ya J3 ipo JFL, ligi ya taifa zima yenye klabu 16 kwa kawaida. Hii ndiyo ngazi ya nne. Humo wanachanganyika watu wa aina mbili: klabu zinazotaka kwenda J3, na timu za kampuni ambazo hazitaki kabisa.

Ngazi ya tano ni ligi za kanda, na zipo tisa. Baadhi ya kanda zina daraja la kwanza na la pili, kwa hiyo daraja la pili la kanda ni ngazi ya sita. Chini ya hapo kila mkoa kati ya mikoa 47 una ligi yake, nayo ina madaraja kadhaa. Kwa hesabu hiyo, klabu mpya inayosajiliwa leo inaanzia chini ya ligi ya mkoa na ina safari ndefu. Iwaki FC wa Fukushima ndio mfano wa kasi ya ajabu: 2016 walikuwa ligi ya mkoa, 2019 wakatwaa Tohoku na kupanda, 2021 wakawa mabingwa wa JFL, 2022 mabingwa wa J3, 2023 wakacheza J2. Kasi hiyo ilitokana na mwekezaji mwenye mpango na vifaa vya mazoezi ambavyo hata klabu za J2 zingevitamani. Usiichukulie kuwa kawaida.

Kanda tisa, na tofauti zake

Hokkaido ni kisiwa na mkoa mmoja, na theluji huufanya msimu wake kuwa mfupi. Tohoku ina mikoa sita ya kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikuu cha Japani. Daraja lake la pili limegawanywa Kaskazini na Kusini. Kanto ina mikoa minane: Tokyo na majirani zake, pamoja na Yamanashi. Hokushinetsu ni Nagano, Niigata, Toyama, Ishikawa na Fukui. Tokai ni Shizuoka, Aichi, Gifu na Mie. Kansai ina mikoa sita kuizunguka Osaka. Chugoku ina mitano, kuanzia Okayama hadi Yamaguchi. Shikoku ina minne. Kyushu ina minane, Okinawa ikiwemo.

Umbali ndio unaoamua sura ya kila ligi. Kyushu inalazimika kusafirisha timu za Okinawa kwa ndege, hivyo mechi nyingi huchezwa kwa mfumo wa kukusanyika: timu kadhaa zinakutana sehemu moja, zinacheza Jumamosi, zinacheza tena Jumapili, kisha zinarudi nyumbani. Kwa mtazamaji hiyo ni neema, maana kwa safari moja unaona mechi tatu au nne. Kwa kocha ni mateso, kwa sababu kikosi cha Jumapili hakiwezi kuwa kile cha Jumamosi. Kyushu pia kwa miaka mingi imetumia mikwaju ya penalti kumaliza sare: ushindi wa dakika 90 ni pointi 3, ushindi wa penalti 2, kufungwa kwa penalti 1. Ukijumlisha pointi zake kwa hesabu ya kawaida ya 3 na 1 hutapata jibu sahihi.

Kwetu sisi ligi bora ya kuanzia ni Kanto daraja la kwanza. Ina timu kumi, viwanja vyake vingi vinafikika kwa treni, ushindani ni mkali hadi mwisho, na ndani yake zimecheza klabu zenye malengo makubwa kama VONDS Ichihara wa Chiba na Nankatsu SC wa Katsushika, Tokyo.

Oktoba na Novemba: mahali pa kuelewa vizuri

Kuwa bingwa wa kanda hakukupandishi JFL. Kunakupa tiketi ya mashindano ya mabingwa wa kanda, ambayo tangu 2016 yanaitwa Ligi ya Mabingwa wa Kanda (地域CL kwa kifupi, ukiandika hivyo kwenye kitafutio utapata matokeo mara moja).

Timu zinazoingia ni 12. Tisa ni mabingwa wa kanda. Tatu zinatoka kwenye kombe jingine liitwalo Zensha (全社), kombe la taifa la klabu za watu wazima. Zensha huchezwa kwa kawaida Oktoba, timu 32, mtoano, dakika 80, mechi tano kwa siku tano mfululizo kwa atakayefika fainali. Ndiyo, siku tano mfululizo. Linaandaliwa na mkoa utakaopokea michezo ya taifa (tamasha la kila mwaka la michezo mbalimbali) mwaka unaofuata, kama jaribio la viwanja na waandaaji, kwa hiyo ukijua ratiba ya michezo ya taifa unajua pia Zensha itakuwa wapi.

Nafasi hizo tatu huenda kwa timu zilizofika nne bora za Zensha na ambazo si mabingwa wa kanda zao. Hapa ndipo mlango wa nyuma ulipo. Matsumoto Yamaga mwaka 2009 walishika nafasi ya nne katika Hokushinetsu. Kwa ligi nyingine yoyote duniani msimu wao ulikwisha. Wakatwaa Zensha, wakaingia mashindano ya kanda, wakayashinda na kupanda JFL. Mwaka huohuo waliwafunga Urawa Reds wa J1 2–0 katika Kombe la Mfalme, kombe la mtoano linalokutanisha klabu za ngazi mbalimbali. Miaka sita baadaye walikuwa J1.

Kwa hiyo klabu iliyokosa ubingwa wa ligi yake Septemba usiifute kwenye daftari lako. Angalia kwanza kama ina tiketi ya Zensha, ambayo hupatikana kwa mchujo wa kanda mapema ndani ya msimu.

Ligi ya Mabingwa wa Kanda yenyewe inakwenda hivi:

1. Hatua ya kwanza ina makundi matatu ya timu nne. Kila kundi lina mji wake, na mechi tatu huchezwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.
2. Vinara watatu wa makundi wanasonga pamoja na mshindi wa pili mmoja mwenye rekodi bora.
3. Hatua ya mwisho inakutanisha hao wanne, kila mmoja dhidi ya kila mmoja, kwa siku tano zenye mapumziko ya siku moja kati ya mechi.
4. Bingwa anapanda JFL. Wa pili, kwa utaratibu ulioanza 2023, anacheza mchujo na timu ya pili kutoka mkiani mwa JFL.

Kinachoziangusha timu kubwa hapa kinajulikana. La kwanza ni miguu. Timu inayotegemea wachezaji 11 walewale inacheza vizuri Ijumaa, inayumba Jumamosi, na Jumapili inafungwa dakika ya 80 na timu ambayo kwenye ligi ingeitandika. Makocha wenye uzoefu huandaa wachezaji 18 hadi 20 wa kiwango kinachokaribiana, na tangu Agosti huanza kuwazungusha kwenye ligi kwa makusudi. La pili ni kukosa kuzoea ushindani. Klabu inayoshinda ligi dhaifu kwa mabao matano kila wiki haijui kulinda bao moja. La tatu ni tofauti ya mabao: kwa kuwa ni mshindi wa pili mmoja tu anayesonga, timu iliyoshinda 1–0 siku ya kwanza na kuridhika inaweza kujutia bao ambalo haikulitafuta.

FC Imabari wanaonyesha ugumu huu. Okada Takeshi, aliyeifundisha Japani katika Kombe la Dunia 1998 na 2010, aliichukua klabu hiyo ya Shikoku mwishoni mwa 2014. Pamoja na jina lake na wadhamini aliokuja nao, 2015 walikwama kwenye mashindano haya ya mabingwa wa kanda. Walivuka 2016, wakafika J3 mwaka 2020 na J2 mwaka 2025.

Nafasi nazo huongezeka au kupungua. JFL ikipoteza klabu kwa kupanda J3 au kwa kujitoa, pengo linaweza kujazwa kwa njia isiyo ya kawaida. Renofa Yamaguchi waliingia JFL 2014 bila kumaliza kati ya wawili wa juu katika mashindano ya mabingwa wa kanda, kwa sababu J3 ilizaliwa mwaka huo na kuzoa klabu nyingi za JFL.

Kutoka JFL kwenda J3: leseni kwanza

Kupanda na kushuka kati ya J3 na JFL kwa njia zote mbili kulianza na msimu wa 2023. Ni klabu mbili za juu tu za JFL zinazohusika, na inayotaka kupanda lazima iwe na leseni ya J3. Leseni hiyo inadai mambo ya nje ya uwanja: fedha zilizokaguliwa, uwanja wa watu wasiopungua 5,000, uungaji mkono wa serikali ya mji, na watazamaji wa kutosha, ambapo kiwango kilichozoeleka ni wastani wa 2,000 kwa mechi ya nyumbani.

- Bingwa akiwa na leseni, anabadilishana moja kwa moja na wa mwisho wa J3.
- Wote wawili wakiwa na leseni, wa pili anacheza mchujo na wa 19 wa J3.
- Bingwa akikosa leseni na wa pili akiwa nayo, wa pili anacheza mchujo na wa mwisho wa J3.
- Wote wakikosa, hakuna anayepanda wala kushuka.

Hali ya mwisho si nadharia. Mwaka 2023 Honda FC walitwaa ubingwa na hakuna aliyepanda. Honda FC wa Hamamatsu ni timu ya kampuni, wachezaji wake wengi ni wafanyakazi, na Japani wanaitwa mlinzi wa lango la J kwa jinsi wanavyozizuia klabu zenye ndoto za kulipwa. Walichukua JFL mara nne mfululizo, 2016 hadi 2019, na mwaka huo wa 2019 wakafika robo fainali ya Kombe la Mfalme baada ya kuwafunga Urawa 2–0. Timu ya aina hii inastahili heshima, na kuiona tu kama kikwazo ni kutolielewa soka la Japani. Kampuni ikibadili msimamo, lakini, timu inakwisha: Sony Sendai walifunga shughuli mwisho wa msimu wa 2024.

Mfano wa hali ya pili ni 2024. Tochigi City walikuwa mabingwa na wakapanda moja kwa moja, Iwate Grulla Morioka wakashuka. Kochi United, wa pili, wakaitoa Y.S.C.C. Yokohama kwenye mchujo. Tochigi City walikuwa wametoka kutwaa mashindano ya kanda 2023, na 2025 wakatwaa J3 pia.

Kila msimu, kabla haujaisha, tafuta tangazo la J.League la leseni za J3 na uweke alama kwenye jedwali lako la JFL. Bila alama hizo mbio za JFL hazina maana yoyote ya kupanda.

Kuchagua klabu

Usichague kwa nembo. Angalia mambo matatu: je, klabu imetangaza lengo la J.League au ni timu ya kampuni, chuo au halmashauri? Je, uwanja wake wa nyumbani ni mmoja au inahamahama? Je, inatoa taarifa mtandaoni kila wiki? Hilo la mwisho ndilo litakaloamua kama utadumu nayo.

Ukipenda historia ya mji, wapo Cobaltore Onagawa wa Miyagi. Mji wao ulibomolewa na tsunami ya Machi 2011, klabu ikasimamisha shughuli mwaka huo, ikarejea 2012, ikashinda mashindano ya kanda 2017 na kucheza JFL 2018. Mji wenyewe una watu wachache kuliko kata nyingi za miji yetu.

Kusoma ratiba na jedwali kwa Kijapani

Tafsiri ya mashine inasaidia, lakini ina mitego. Mkubwa kuliko yote: 中国 mashine hutafsiri kuwa China. Kwenye soka la kanda ni Chugoku, magharibi mwa Honshu. Hifadhi alama hizi kwenye simu:

- Kanda: 北海道 Hokkaido, 東北 Tohoku, 関東 Kanto, 北信越 Hokushinetsu, 東海 Tokai, 関西 Kansai, 中国 Chugoku, 四国 Shikoku, 九州 Kyushu.
- 日程 ratiba, 結果 matokeo, 順位表 msimamo, 会場 uwanja, 第5節 raundi ya tano.
- 勝点 pointi, 勝 ushindi, 分 sare, 敗 au 負 kufungwa, 得点 mabao ya kufunga, 失点 ya kufungwa, 得失点差 tofauti ya mabao.
- 延期 imeahirishwa, 中止 imefutwa, 無観客 bila watazamaji.

Ligi nyingi hutumia jedwali lenye alama za duara. Timu zimepangwa upande wa kushoto na juu, na kila kisanduku kina alama ya matokeo ya timu iliyo kushoto: ○ ni ushindi, △ ni sare, ● ni kufungwa. Wengi wanaoanza hudhani duara jeusi ni ushindi kwa kuwa limejaa. Soma safu ya kulala, usisome ya kusimama, la sivyo matokeo yote utayageuza.

Siku ya mechi uwanjani

Mechi nyingi za kanda hazina kiingilio, ingawa baadhi ya klabu hutoza. JFL huuza tiketi. Hatua ni hizi.

Jumatatu ya wiki ya mechi, angalia uwanja kwenye tovuti ya ligi, kisha uhakikishe kwenye akaunti ya klabu mwenyeji. Zikitofautiana, amini klabu. Nakili jina la uwanja kwa Kijapani ulibandike kwenye ramani, kwa sababu majina kama "uwanja wa riadha wa mji" yapo mamia, na ndani ya bustani moja kunaweza kuwa na viwanja vinne. Angalia herufi au namba ya mwisho: A, B, 第1, 第2.

Ijumaa, angalia basi la kurudi kabla ya la kwenda. Vijijini mabasi ya Jumapili ni machache na la mwisho linaweza kuondoka wakati mechi haijaisha. Beba fedha taslimu. Kadi za treni hazipokelewi kwenye baadhi ya njia ndogo.

Siku yenyewe fika dakika 40 kabla. Viwanja vingi havina jukwaa lenye kivuli, wengine hukaa kwenye tuta la nyasi. Kofia, maji lita moja na nusu wakati wa kiangazi, koti la mvua Juni na Julai. Mwavuli huzuia wa nyuma yako. Nunua chakula dukani karibu na stesheni kwa sababu uwanjani huenda kusiwe na hata mashine ya soda, na takataka zako ondoka nazo. Radi ikisikika mechi husimamishwa na watu wote huondolewa uwanjani, hakuna kubishana. Septemba ni msimu wa vimbunga, na taarifa ya kuahirisha mara nyingi hutoka asubuhi ileile, kwa hiyo angalia simu kabla ya kutoka nyumbani.

Kabla ya kupiga picha za video, soma kanuni za klabu. Nyingi zinaruhusu picha, lakini kurusha mechi moja kwa moja kwa simu hairuhusiwi.

Umati wa kanda ni wa mamia, pengine makumi. JFL ni kubwa zaidi, na mara mojamoja hulipuka: Oktoba 9, 2022 watu 16,218 walikwenda Uwanja wa Taifa wa Tokyo kuwaona Criacao Shinjuku dhidi ya Suzuka, waliokuwa na Miura Kazuyoshi, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa ya Japani, mwenye umri wa miaka 55. Hiyo ilikuwa rekodi mpya ya JFL.

Ukiwa mbali

Japani iko mbele ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa sita, mbele ya Kigali na Lubumbashi kwa saba, mbele ya Muscat kwa tano. Mechi ya saa saba mchana Japani ni saa moja asubuhi Dar. Ni wakati mzuri. Unamaliza mechi kabla ya shughuli za Jumapili.

Klabu nyingi hurusha mechi zao YouTube bila malipo. Tafuta kwa jina la Kijapani la klabu, si la Kilatini, kisha ujiunge na chaneli. Ubora ni kamera moja, mara nyingine bila saa wala matokeo kwenye kioo, kwa hiyo weka ukurasa wa klabu kwenye X kando: huko bao huandikwa ndani ya dakika moja au mbili, pamoja na mfungaji. Tovuti ya ligi husubiri hadi jioni au kesho yake.

Mwisho, hesabu ya kushuka. Klabu ikishuka kutoka JFL hurudi kwenye kanda yake ya nyumbani. Ikiwa ni ya Kanto, Kanto daraja la kwanza linaongezewa timu, na anayeshuka kwenda daraja la pili anaweza kuongezeka, na wa daraja la pili anaweza kusukumwa hadi mkoani. Kinyume chake, bingwa wa Kanto akipanda, timu iliyodhani imeshuka inaweza kuokoka. Ndiyo maana nafasi ya saba katika ligi iliyomalizika Septemba inaweza kuendelea kuning'inia hadi mechi ya mwisho ya JFL ichezwe na michujo yake imalizike. Andika "imeshuka" kwa penseli.